Mfumo wa Bure na Mkataba wa Kulipia
(Sehemu ya pili)

Wiki iliyopita tuliona jinsi Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi Helsinki mwaka 1991, alivyoanzisha Linux, ambayo leo yeyote anaweza kuipakua bila kutoa hata senti. Mbona basi kampuni zinazojua kubana matumizi bado zinalipia mfumo endeshi?

Kisa cha CentOS kinatoa jibu. Red Hat ya Marekani huuza Red Hat Enterprise Linux, yaani RHEL. Kwa kuwa msimbo wake ulikuwa wazi, watu wa kujitolea waliuchukua, wakaondoa nembo za kampuni, wakautoa upya bure kwa jina la CentOS. Kiutendaji mifumo hiyo miwili ilifanana kama pacha. Vyuo vikuu, maabara na wenye kukodisha nafasi za tovuti wakaijaza CentOS kwenye seva zao.

CentOS 8 ilitoka Septemba 2019, na ilitarajiwa kupata masasisho hadi 2029. Desemba 2020 Red Hat, iliyokuwa imeuchukua mradi huo tangu 2014, ikatangaza kwamba toleo hilo lingekoma mwishoni mwa 2021. Waliokwisha kuhamia huko wakabakiwa na mwaka mmoja wa kujipanga upya, wala hawakuwa na mkataba wa kushikilia. Waliolipia RHEL 8 hawakuguswa: huduma yao inaendelea hadi Mei 2029.

Wapenzi wa programu huria hawakulala. AlmaLinux ilitoka Machi 2021, Rocky Linux ikafuata Juni. Hata hivyo, kuhamisha mamia ya seva, kuzijaribu moja moja na kuwalipa mafundi kwa kazi hiyo yote ni gharama.

Tuseme seva ya mishahara imezimika saa nane usiku, mwisho wa mwezi. Mwenye mfumo wa bure ataanza kuperuzi mtandaoni, akiomba Mungu awepo aliyewahi kukutana na hitilafu kama yake. Mwenye mkataba wa daraja la juu wa Red Hat anaripoti tatizo, na kwa hitilafu kubwa kama hiyo kampuni imeahidi kumjibu ndani ya saa moja, usiku au mchana.

Sababu nyingine ni programu zenyewe. SAP huruhusu hifadhidata yake ya HANA iendeshwe kwenye RHEL na kwenye mfumo wa SUSE, vyote vya kulipia. Ukiiweka kwingine, usitegemee msaada wao. Kwa wafanyabiashara wadogo hali ni hiyo hiyo. Duka la jumla Mombasa au Kariakoo linalotunza hesabu zake kwa Tally linahitaji Windows, kwa kuwa Tally imeundwa kwa ajili ya Windows, na mhasibu ameshaizoea.

Wiki ijayo tutakwenda Munich, Ujerumani, jiji lililoamua mwaka 2003 kuachana na Windows, likahamisha kompyuta zipatazo 15,000, kisha mwaka 2017 baraza lake likapiga kura kurejea kule kule.