Mtoto amenenepa, lakini dawa usimwachishe

Tuseme uko Chiwata, Masasi, na jirani yako ana mtoto wa miaka mitatu anayemeza dawa kila siku tangu akiwa mchanga. Mwaka huu mtoto amejaa mashavu, tumbo limetokeza, nguo za mwaka jana hazimwingii. Bibi yake anafurahi: "Mjukuu wangu ana afya siku hizi!" Mama yake mdogo anasema hapana, vidonge ndivyo vinavyomvimbisha, bora aachishwe. Nani yuko sahihi?

Bibi kakosea. Mama mdogo kapatia nusu, ila ile nusu aliyokosea inaweza kumuua mtoto. Twende taratibu.

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo iitwayo adrenali. Inatengeneza kotisoli, homoni inayousaidia mwili kuhimili maradhi na kuzuia sukari ya damu isishuke. Aldosteroni, inayozuia chumvi isipotee kwenye mkojo. Na androjeni, homoni za kiume ambazo hata wasichana wanazo kidogo. Mtoto wetu amerithi jeni yenye hitilafu kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama, ambao wenyewe hawaumwi. Si uchawi, wala si kosa la mama. Kwa wazazi kama hao, kila mimba ina uwezekano wa robo wa kupata mtoto mwenye ugonjwa huu. Nchi nyingi hukadiria mtoto mmoja kwa kila vizazi 15,000 hivi.

Hitilafu hiyo inafanya nini? Fikiria mashine inayosukuma maji kutoka bondeni kuyapandisha juu ya uwanda wa Makonde. Bomba likiziba njiani, kijiji cha juu hakipati maji. Fundi wa bondeni, asiyejua kuna kizuizi, anazidisha kusukuma, na maji yanapasukia pembeni. Mwilini fundi huyo ni ubongo. Ukiona kotisoli haifiki, unazidi kuisukuma tezi, na malighafi inamwagikia kwenye njia ya androjeni. Ndiyo maana msichana anaweza kuzaliwa na maumbile yanayofanana na ya kiume, na mvulana anaweza kurefuka upesi na kubalehe mapema mno. Wengi pia hupoteza chumvi, na bila tiba hufa katika wiki za mwanzo. Hapa kwetu watoto wachanga hawapimwi ugonjwa huu kama jambo la kawaida, kwa hiyo kifo kama hicho huweza kuitwa "kuharisha na kutapika" tu.

Tiba ni kumpa mwili kile unachokosa: haidrokotisoni badala ya kotisoli, na kwa wanaopoteza chumvi, fludrokotisoni. Njia hii ilianza mwaka 1950 huko Baltimore, Marekani, kwa daktari Lawson Wilkins. Sasa unene unatoka wapi?

Kwanza, dozi yenyewe. Mwili wa kawaida hutengeneza kotisoli kama miligramu 6 hadi 8 kwa siku kwa kila mita moja ya mraba ya eneo la mwili. Ili kumtuliza yule fundi, mtoto hupewa 10 hadi 15. Kotisoli ikizidi huongeza hamu ya kula, hupandisha sukari, na huhifadhi mafuta tumboni na usoni.

Pili, hesabu za vidonge. Mtoto wetu ana eneo la mwili kama mita 0.6 za mraba, kwa hiyo anahitaji miligramu 6 hadi 9 kwa siku nzima. Kama kilichopatikana ni kidonge cha miligramu 20, mama anakikata vipande vinne na kumpa kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja usiku. Jumla 15! Karibu mara mbili ya anachohitaji, na hakuna aliyezembea. Vidonge vikali zaidi, kama prednisoloni na deksamethasoni, vina hatari kubwa zaidi ya kuzidisha.

Uchunguzi uliochapishwa 2006 kutoka Ujerumani uliwaangalia watoto na vijana 89 wenye ugonjwa huu. Karibu 17 katika kila 100 walikuwa na unene uliopitiliza, wakati kwa kawaida wangetarajiwa wawili tu. Dozi kubwa ilihusiana na unene huo, na unene wa wazazi pia. Kwa hiyo dawa si sababu pekee.

Utajuaje kama dozi imezidi? Angalia uzito pamoja na urefu. Dozi ikizidi, uzito unapanda huku urefu ukisuasua. Ikipungua, androjeni zinamrefusha mtoto haraka, mifupa inakomaa mapema, na ukubwani anabaki mfupi. Shida ni kwamba watu wengi huacha kwenda na kadi ya kliniki mtoto akitimiza miaka mitano. Huyu aendelee kupimwa, na dozi ipangwe upya na daktari kadiri anavyokua, iwe Ndanda, Mtwara au Muhimbili.

Lakini dawa isikatishwe ghafla, hata siku moja. Mtoto akipata homa kali, tuseme malaria, mwili unahitaji kotisoli zaidi, kwa hiyo haidrokotisoni huongezwa mara mbili au tatu kama daktari alivyoelekeza, kisha hurudishwa kama kawaida akipona. Akitapika dawa au akilegea, anahitaji sindano haraka: kimbia hospitali. Dozi za siku hizo chache sizo zinazomnenepesha.

Chakula je? Punguza soda na chai ya sukari nyingi, mwache acheze. Usimlaze njaa, maana sukari yake hushuka upesi. Na kama anapoteza chumvi, usimpunguzie chumvi kwa kusikia kwamba chumvi ni mbaya.

Kwa hiyo ukimwona jirani, mwambie apeleke kadi na vidonge vyote hospitali, wapige hesabu upya. Na kidonge cha leo jioni mtoto ameze.