Ritifaa ya Ng'ombe: Kamusi za Pwani katika Utaratibu wa XML

Mwaka 1887 ilichapishwa kamusi ya J. L. Krapf na J. Rebmann, wamisionari waliokaa Rabai, Kilifi. Miaka minne baadaye W. E. Taylor akatoa msamiati wake wa Kigiriama. Kazi za namna hii, zikitakiwa kusomwa na kompyuta, hazina budi kupangwa upya ili mashine itambue kipi ni kidahizo, kipi ni wingi na kipi ni fasili. XML, iliyopitishwa tarehe 10 Februari 1998, ni utaratibu ufaao kwa kazi hiyo.

Muundo wake ni wa mti. Kidahizo cha Kigiriama mutu hubeba ndani yake wingi atu, ngeli na fasili, kila kimoja kati ya alama ya kufungua na ya kufunga. Kwa kuwa wingi umo tumboni mwa umoja wake, programu huweza kuuchopoa na kuunda orodha nyingine ianzayo na atu, pasipo mtu kuandika upya.

Matatizo huzuka pale mtunga programu anapoidhania XML kuwa matini tu, akaunga vipande vya herufi kimoja baada ya kingine. Na lichukuliwe neno ng'ombe. Ikiwa thamani ya sifa imezungushiwa ritifaa, basi ritifaa ya king'ong'o hutwaliwa kuwa ya kufungia: sifa huishia kwenye ng, na ombe huachwa ikielea. Kanuni haziruhusu kisomaji kubahatisha. Husimama hapo hapo, na vidahizo vinavyofuata, ingawa havina kosa, havisomwi.

Dawa ni kuujenga mti tawi kwa tawi kwa maktaba ya programu, ambayo huandika ' yenyewe au hutumia alama za mtajo maradufu. Lakini maktaba haitibu kosa baya zaidi, lile la kimya: ritifaa iliyonyooka na iliyopinda ni herufi mbili tofauti, zote halali, na atafutaye ng'ombe kwa moja hampati wa nyingine. Uamuzi huo ni wa mwanaisimu, tena kabla ya kazi kuanza.

Vivyo hivyo msimbo wa lugha. Kigiriama ni nyf, Kiswahili swa. Programu haiwezi kuvitenganisha mutu na mtu bila kuambiwa. Nayo kamusi ya 1887 huitwa ya Nika, jina ambalo wageni waliwaita kwalo Wamijikenda wote, hivyo lahaja ya kila neno yapasa kuthibitishwa na wasemaji wenyewe kabla ya msimbo kuandikwa.