Sura ya 4: Nani Aliyeikataa Shule?

Katika vikao vya wazazi huku Mghange, Taita, hakosekani mtu wa kusimama na kusema kwamba wazee wetu ndio waliotuchelewesha: walipoletewa shule waliikataa, wakawaweka watoto malishoni. Nimeisikia kauli hii kwa walimu na kwa wanasiasa, na vijana sasa wanaiamini. Si kweli, na inawaonea watu wasioweza tena kujitetea.

Mmisionari Wray wa CMS, shirika la wamisionari wa Kianglikana, alifika Sagalla mwaka 1883. Wakatoliki wakaanzisha misheni Bura mwaka 1892. Ndiyo, wapo waliosita. Kumpeleka mtoto kwa wamisionari kulikuwa kumpa jina jipya na dini mpya na kumtenga na matambiko ya ukoo. Mzazi aliyesita mbele ya gharama hiyo alikuwa akimlinda mwanawe, na hilo haliwi ushahidi kwamba alichukia kusoma.

Iliyobana nafasi ni serikali ya kikoloni. Ripoti ya Fraser ya mwaka 1909 ilipendekeza Mwafrika afundishwe zaidi kazi za mikono. Idara ya Elimu ilipoundwa mwaka 1911, shule zikapangwa kwa rangi: za Wazungu, za Wahindi, za Waarabu, na za Waafrika mwisho. Mwaka 1924 ikaja tume ya elimu ya Phelps-Stokes, na ndani yake Dkt. Aggrey kutoka Gold Coast, ambaye sekondari moja ya Wundanyi ina jina lake hadi leo. Hata tume hiyo ilisisitiza kilimo na ufundi kwa Mwafrika. Kisha mwaka 1942 elimu ikawa ya lazima kwa watoto wa Kizungu, na kwa wavulana wa Kihindi wa Nairobi, Mombasa na Kisumu. Mtoto wa Mwafrika hakulazimishwa popote. Tunawezaje kusema aliikataa?

Hapa naomba msomaji avumilie, kwa kuwa ndipo penye kiini. Baada ya ripoti ya Beecher ya mwaka 1949, masomo ya Waafrika yalikatwa vipande vitatu vya miaka minne minne, na mwisho wa darasa la nne kukawa na mtihani wa mchujo. Tunaposikia mtihani tunadhani ulipima akili. Ulipima nafasi. Shule za darasa la tano kwenda juu zilikuwa chache, na idadi ya waliovuka ilifuata idadi ya viti. Ongeza darasa moja, na baadhi ya "walioanguka" wanakuwa wamepita bila kubadili jibu hata moja. Mtoto alirudishwa nyumbani akiwa na miaka kumi na kitu, akashika jembe au akaenda kukata mkonge, na leo wajukuu wake wanaambiwa babu yao hakupenda shule.

Ndiyo maana hunikera kuona wazazi wakipeleka kalamu zikaombewe kabla ya mtihani, au wakimsaka jirani aliyemroga mtoto. Kalamu iliyoombewa haiongezi dawati.

Nilikusudia kuishia kwenye tume ya Ominde ya mwaka 1964, iliyotaka ubaguzi wa rangi shuleni ufutwe na elimu iwaunganishe Wakenya.  Lakini siwezi kuuruka mwaka 1974, kwa sababu wengi huamini elimu ya bure ililetwa na Rais Kibaki mwaka 2003.

Tarehe 12 Desemba 1973 Rais Kenyatta alitangaza kwamba karo imefutwa kuanzia darasa la kwanza hadi la nne. Januari watoto walifurika: walioingia darasa la kwanza nchini, ambao mwaka uliotangulia hawakufika laki 4, walipita laki 9. Madarasa hayakuwapo, walimu hawakuwapo, na pesa za karo zilizoyajenga ya zamani zilikuwa zimekatwa. Kamati za shule zikabuni ada ya ujenzi, na mahali pengi ada hiyo ikaizidi karo yenyewe. Watoto wengi wakarudi nyumbani. Furiko lile linatosha kumjibu anayesema wazazi hawakuitaka shule: karo ilipoondolewa waliwaleta watoto wao mwezi uleule.

Mwaka 2003 wanafunzi wa msingi walipanda kutoka milioni 5.9 hadi milioni 7.2, na safari hii serikali ikapeleka pesa shuleni kwa kila mtoto. Mwaka 2008 ikaanza kulipia masomo ya sekondari za umma. Bweni na chakula chake vikabaki kwa mzazi. Nairobi hilo laweza kuonekana dogo. Katika milima ya Mghange, ambako njia ya shuleni ni mteremko asubuhi na mpando jioni, na mvua ya masika huigeuza tope, mzazi wa binti anayeanza sekondari huulizia bei ya bweni kabla ya kuuliza jambo jingine lolote.