Fahamu: Wanaanga wa Zambia waliobingirishwa ndani ya pipa

Ukiitazama leo ile filamu ya habari ya mwaka 1964, utadhani ni vichekesho vilivyojifanya makala halisi. Mtu anaingia kwenye pipa la mafuta, anasukumwa, pipa linabingirika mteremkoni. Edward Mukuka Nkoloso, mwalimu na mpigania uhuru, anaeleza bila hata kutabasamu kwamba Zambia itazitangulia Marekani na Urusi kufika mwezini.

Hapo hakuna aliyelipwa kuigiza. Nkoloso alianzisha chuo chake cha anga karibu na Lusaka, akaomba UNESCO pauni milioni 7. Hakupata kitu. Zoezi jingine lilikuwa bembea: ikifika juu kabisa, kamba inakatwa ili mwanafunzi aonje kuelea. (Kutua ni shauri lake.) Wa kurushwa alikuwa msichana, Matha Mwamba, pamoja na paka. Matha akapata ujauzito, wazazi wakamchukua, na mradi ukafifia.

Magazeti ya Ulaya yalicheka. Lakini mwandishi Namwali Serpell ameuliza: je, haikuwa kejeli, mzee yule akiwacheka wao? Mimi naelekea kukubali, maana aliyesota jela za wakoloni hakosi jambo la kuwatania.

Mwaka 2014 mwongozaji Nuotama Bodomo, mzaliwa wa Ghana, alitoa Afronauts, filamu fupi isiyo na rangi iliyoonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Sundance. Yeye hakuchekesha. Kamera yake inamfuata Matha, na Nkoloso anabaki pembeni.