Kwa Nini Bwawa Huonekana Kuwa na Kina Kidogo?

Mvua za vuli zinapojaza mabwawa ya mashamba yetu hapa Machakos, yale tuyaitayo silanga kwa Kikamba, maji huwa mekundu kwa udongo. Wakati huo mtu hawezi kudanganyika, maana chini hapaonekani kabisa. Hatari huja baadaye, udongo ukiisha kutuama na maji kutakata. Mtoto mchunga mbuzi husimama ukingoni, akaona mawe yaliyo chini, akadhani maji yatamfika kiunoni. Akiingia, huenda yakamfika shingoni. Macho yake ni mazima, ila nuru imepinda njiani.

Msomaji, jaribu jambo hili nyumbani. Tia shilingi moja ndani ya sufuria, kisha rudi nyuma kidogo kidogo hata ukingo wa sufuria uifiche. Simama papo hapo bila kuinua kichwa. Sasa mwenzako amimine maji polepole, asiisogeze ile shilingi. Utaiona tena, ingawa haikuondoka mahali pake! Nilipokuwa mwalimu sikupata kuona darasa lisilocheka hapo.

Sababu yake ni hii. Katika hewa nuru huenda kilomita 300,000 hivi kwa sekunde moja. Katika maji mwendo wake hupungua, ikawa kama 225,000. Fikiri gari la ng'ombe linalotoka katika mchanga wa mto na kupanda njia ngumu kwa mshazari. Gurudumu linalofika penye njia ngumu kwanza huenda upesi, na lenzake bado linakokotwa mchangani. Basi gari hugeukia upande wa lile linalokawia. Nuru nayo ikitoka majini kwa mshazari hugeuka vivyo hivyo, ikalala zaidi kuelekea uso wa maji.

Lakini jicho halina habari ya kupinda huko. Hudhani nuru imekuja moja kwa moja, na kwa hiyo huona shilingi, au jiwe la bwawani, liko juu kuliko lilivyo. Ukitazama wima kutoka juu, maji ya futi 4 huonekana kama futi 3. Ukitazama kwa mshazari kutoka ukingoni, huonekana machache kuliko hapo, na watoto wetu hutazama kutoka ukingoni.

Fimbo iliyotiwa majini huonekana imevunjika kwa sababu iyo hiyo, na sehemu iliyo ndani huonekana fupi. Basi anayepima bwawa kwa mti asihesabu alama zilizo chini ya maji. Autoe mti, apime palipolowa.

Lililo bora ni kusimika nguzo wakati wa kiangazi, bwawa likiwa kavu, mahali penye kina kirefu kupita pote. Ipigwe alama za rangi kwa kila futi, kuanzia chini. Maji yakija, soma alama iliyo sawasawa na uso wa maji. Nuru ya alama hiyo hupita katika hewa tupu, hivyo haipindi. Waonyeshe watoto alama inayowafika kifuani, kila mmoja yake, na uwaambie kwamba maji yakiifikia hawana ruhusa ya kuingia.

Udongo unaoletwa na mvua hufunika alama za chini, na nguzo itakuonyesha maji mengi kuliko yaliyopo. Bwawa likikauka tena, chimbua udongo huo hata alama ya kwanza ionekane. Ng'ombe wako watapata maji zaidi msimu ujao.