Mwanasheria wa Teknolojia ni Nani?



Ndugu wanafunzi, mkiulizwa mnataka kuwa nani ukubwani, wengi wenu husema daktari, rubani au mwalimu. Leo nawaelezeni kazi ambayo wachache huitaja: mwanasheria wa teknolojia na akili mnemba, yaani zile programu za kompyuta zinazojibu maswali na kuandika mfano wa mtu.

Je, hufanya nini? Chukulia mzazi amekopa fedha kwa simu, akachelewa kulipa. Mkopeshaji akachukua namba zilizomo katika simu ile na kuwatumia jamaa na majirani ujumbe wa kumwaibisha. Mwanasheria huyu ndiye hufungua Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, na kuidai haki ya mzazi. Kenya ina sheria kama hiyo tangu 2019. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha mwaka 2024 sheria ya akili mnemba yenyewe. Pia huzishauri kampuni na kuziandikia mikataba.

Lakini chombo hicho humponza hata mwanasheria. Mwaka 2023, mjini New York, Marekani, mawakili wawili walipeleka mahakamani hoja zilizotaja kesi ambazo hazikuwahi kuwepo. Zilitungwa na programu ya ChatGPT. Mmoja wao aliiuliza programu hiyohiyo kama kesi zile ni za kweli. Ikajibu ndiyo, naye akatosheka. Jaji aliwatoza wao na ofisi yao faini ya dola 5,000, kwani dhamana ya kuhakikisha ilikuwa yao.

Surat al-Hujuraat, aya ya 6, inatufundisha kuichunguza habari kabla ya kuifanyia kazi. Mwanafunzi wa madrasa aliyezoea kuuliza hadithi imepokewa na nani, keshapata msingi wa kazi hii.

Njia yake ni hii: umalize kidato cha sita, usome shahada ya sheria chuo kikuu, kisha upite Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ndipo uapishwe kuwa wakili. Kiingereza na kompyuta anzeni sasa. Wazazi, njia hii ni ya wavulana na wasichana pia.

Mwenyezi Mungu atujaalie vijana wenye elimu na uaminifu. Aamin.

Wabillahi tawfiiq.