Mdadi wa Jukwaani: Istilahi za Bendi Kongwe

Miongoni mwa maneno yawasumbuayo wafasiri siku hizi yamo yale yahusuyo muziki wa jukwaani, na hasa uchangamfu ule usiokwisha wa bendi zilizopiga kwa miaka hamsini au sitini. Mfasiri apewapo habari ya kundi la roki la Ulaya, hukuta humo sifa moja inayorudiwa kila aya: kwamba wazee hawa, japo wana mvi, wangali na nguvu za ajabu mbele ya watu. Naye huandika, bila kusita, kwamba bendi hiyo "ina nishati kubwa". Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwa nini tafsiri hiyo haifai, na kwamba neno lifaalo lipo tayari vinywani mwa watu wa Korogwe, Handeni na kwingineko nchini.

Nishati ni istilahi ya fizikia. Hupimwa kwa juli, nayo ina wizara yake. Msomaji wa Handeni aambiwapo kuwa bendi ijayo ina nishati kubwa, ana haki ya kudhani kwamba imekuja na jenereta lake. Na kwa kweli bendi iliyokwenda kupiga mbali na umeme ilifanya vema kulibeba. Kani nalo ni neno la fizikia vile vile. Nguvu ni pana mno: humfaa mbeba magunia kama limfaavyo mwimbaji. Ari ni nia ya kutenda, na mtu aweza kuwa na ari kubwa huku amelala kitandani akingoja kupambazuke. Hamasa yakaribia zaidi, lakini matumizi ya miaka ya karibuni yameipeleka kwenye mikutano na kampeni, hata ukiitaja watu hutazamia hotuba.

Yapo maneno mengine ambayo asili yake yafaa kuangaliwa kwa makini. Jazba limetokana na Kiarabu, na katika lugha ya masufi lilihusu hali ya mtu kuvutwa kwa Mola hata akajisahau. Katika Kiswahili cha leo limeshuka daraja: mtu mwenye jazba ni mtu aliyekasirika akashindwa kujizuia. Mori na munkari nayo yameegemea ghadhabu. Mzuka, neno lipendwalo na vijana, limetokana na kitenzi zuka, nalo ni lile pepo linalomtokea mtu ghafula. Angalieni kwamba karibu maneno haya yote huchukua kitenzi kimoja, yaani panda: mtu hupandwa na mori, hupandwa na munkari, hupandwa na mzuka. Kiswahili hakisemi kwamba mchezaji "ana" hali hii kana kwamba ameitia mfukoni. Husema kwamba hali yenyewe imemjia kutoka nje yake na kumkalia. Hili si jambo dogo kwa mfasiri, maana sentensi ya kigeni isemayo bendi "ina" kitu fulani itabidi igeuzwe, bendi iwe ndiyo yenye kukipandisha.

Neno tunalolipendekeza ni mdadi. Mtu aliyepandwa na mdadi amezama katika ngoma, au katika mchezo, kwa furaha na hamu kubwa hata haoni uchovu. Halina ghadhabu wala pepo. Hutumika kwa mchezaji, hutumika kwa mpigaji, na hutumika kwa mtazamaji aliyeshindwa kukaa kitini. Ngoma ya selo ya Wazigua ikikolea, au mdumange ya Wasambaa, neno hili humfaa kila aliyemo uwanjani. Twadhani hapa ndipo penye ubora wake: mdadi haukai jukwaani peke yake, bali huenda na kurudi baina ya wapigaji na wachezaji.

Ili kuona jinsi hali hiyo inavyofanya kazi, yafaa kuutazama mpango wa wimbo wa dansi. Sehemu ya kwanza huenda taratibu, maneno yasikike na kisa kieleweke. Kisha huja sehemu ya pili, ambayo wapenzi wa dansi huiita chemko: waimbaji hupokezana vipande vifupi, gitaa la solo na la rithimu hufukuzana juu ya besi, tarumbeta na saksafoni huitikia, na tumba huongeza kasi. Katika santuri za zamani za mizunguko 45 kwa dakika, upande mmoja ulichukua dakika tatu au nne hivi, kwa hiyo wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili. Ukumbini hapakuwa na upande wa kugeuza. Chemko liliendelea kadiri wachezaji walivyotaka, na mpiga solo aliwatazama miguu yao ndipo akajua kama arudie au afunge. Jina lenyewe limeundwa vizuri: chemka, chemko, kama vile anguka, anguko. Lastahili kuingizwa katika kamusi kwa maana hii, pasipo haja ya kukopa.

Bendi zilizoujua ustadi huu zimeishi muda mrefu. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964, miaka miwili tu baada ya Rolling Stones wa London. Ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi, na kila chama kilipobadilika jina, bendi nayo ilibadilika: ikawa JUWATA, kisha OTTU, na mwishowe Msondo Ngoma. Mlimani Park, waliojulikana kwa mtindo wa Sikinde, walianza mwaka 1978. Ni vema kutambua kwamba mahasimu hawa wawili walijiita kwa majina ya ngoma za jadi. Msondo ni ngoma ndefu, na sikinde ni ngoma ya Wazaramo. Magitaa yalikuwa ya umeme, lakini walipotaka kutaja lile lililowapandisha watu mdadi, walirudi kwenye ngozi na mti.

Muhiddin Maalim Gurumo aliimba NUTA tangu mwanzo, akahamia Mlimani Park, baadaye akarudi Msondo, na hakustaafu mpaka mwaka 2013. Alifariki mwaka uliofuata. Korogwe nayo ina fahari yake, maana TX Moshi William, mwimbaji wa Msondo aliyefariki mwaka 2006, alikuwa mzaliwa wa Hale. Herufi TX zilikuwa zile za magari ya wataalamu wa kigeni. Kumwita mwimbaji wa Hale kwa herufi hizo kulikuwa na maana ya kwamba utaalamu haukuhitaji kuagizwa ng'ambo. Hivyo ndivyo watu waundavyo istilahi bila kamati.

Sasa tuje kwenye neno lenye madhara makubwa zaidi likikosewa. Muziki upigwao mbele ya watu huitwa "wa moja kwa moja", au "mubashara", au "laivu". Mubashara limeenea katika utangazaji, na huko lafaa: tukio larushwa wakati ule ule litokeapo. Lakini msikilizaji aliyeko Handeni, akisikia redioni dansi linalopigwa Dar es Salaam, amelipata mubashara bila kuwapo. Zaidi ya hayo, mtu mmoja aliyesimama na kipaza sauti akiimba juu ya sauti zilizokwisha kurekodiwa, naye huweza kutangazwa kuwa yuko mubashara, na kwa maana ya utangazaji hatakuwa amesema uongo. Afisa utamaduni wa wilaya anayeandika kibali, na mkulima au mkata mkonge anayelipa kiingilio Korogwe, wote wawili wanahitaji neno litakalotenganisha mambo haya. Wanamuziki wakongwe wanalihitaji kuliko wote. Bendi ya watu kumi au zaidi, pamoja na vyombo, basi na posho, ikitoka Dar es Salaam kupitia Segera, haiwezi kushindana kwa bei na mtu mmoja na kinanda chake, ikiwa tangazo linawaita wote kwa jina moja.

Twapendekeza basi: onyesho la jukwaani liwe ni lile ambalo muziki wake wote hupigwa na kuimbwa na wanamuziki walio mbele ya hadhira, wakati ule ule, na kuimba juu ya sauti zilizorekodiwa kuitwe kuimba kwa kufuatisha. Mubashara libaki kwa watangazaji.

Kuhusu roki na metali hatuna mengi. Yote mawili yamekwisha kuzoea sauti za Kiswahili, ila mfasiri asiandike "metali nzito", kwa kuwa wataalamu wa kemia wameishaitumia kwa risasi na zebaki. "Roki ya metali" yatosha.

Lililobaki ni mkongwe. Zamani neno hili lilimaanisha mzee aliyedhoofika kabisa, na wapo walimu wanaolikataa kwa mwanamuziki mchangamfu, wakitaka gwiji au galacha. Sisi hatuoni mgongano. Gwiji aweza kuwa kijana wa miaka ishirini, na neno hilo halisemi lolote juu ya miaka. Tarehe 5 Julai 2025 Black Sabbath, waliojiunga mwaka 1968, walipiga onyesho lao la mwisho katika mji wao wa Birmingham. Ozzy Osbourne aliimba akiwa ameketi, kwa sababu ya maradhi, na tarehe 22 mwezi huo huo akafariki. Mwili ulikuwa wa mkongwe kwa maana ile ya kale kabisa, na uwanja mzima ulipandwa na mdadi. Neno nishati lisingeweza kulieleza jambo hilo.

Walimu wa Korogwe na Handeni wenye kujua maneno ya Kizigua na Kisambaa kwa hali hii, au kwa ile sehemu ya ngoma inapokolea, wanaombwa watuandikie, wakitaja kila neno huchukua kitenzi gani.